Mjomba Cheche na Tangi Namba Tatu

Mjomba Cheche alichomelea vyuma miaka thelathini na moja katika kiwanda cha kuunda meli, na alichobaki nacho ni macho mabovu, kifua kibovu, na mimi. Baba yangu alifia kiwandani humo nikiwa na miaka sita, na mama hakukawia kumfuata. Mjomba, kaka yake mama, ndiye aliyenilea. Alinisomesha, akanisuka nywele kwa vidole vyake vilivyojaa makovu ya moto, tena alinisuka vibaya, nikachekwa shule nzima. Mtu mwema. Ila ukimuuliza baba alikufaje, ghafla anakumbuka kwamba ana kiu.

"Ajali ya kazini," alikuwa akisema, kisha huyo, anautafuta mtungi. Miaka ishirini na mitatu, maneno hayo hayo matatu.

Kiwanda kilifilisika mwaka mmoja baada ya msiba, kikaachwa kilivyo. Tuliposikia kwamba wiki ijayo wanunuzi wa vyuma chakavu wanakuja kukikatakata, nilimwambia kesho asubuhi anipeleke.

"Nikakuonyeshe nini, mama? Kutu?"

"Alipofia baba."

Mbio za sakafuni huishia ukingoni. Akavaa viatu.

Mlinzi alitufungulia geti bila maneno mengi. Ndani, majani yalikuwa yameota katikati ya reli, na wezi walikuwa wameng'oa mabati ya karakana hadi anga likawa ndiyo dari. Katika chumba cha kubadilishia nguo, makabati yalikuwa wazi; moja lilikuwa na kiatu kimoja cha kazi, kimejaa mavi ya popo. Mjomba alipapasa kuta, akabwabwaja kama mtu anayeuza nyumba. Hapa tulikuwa tunachemsha chai kwa mtungi wa gesi. Pale msimamizi aliteleza kwenye grisi, akapanda cheo badala ya kupata aibu. Siku nyingine ningecheka. Siku hiyo nilitamani kumziba mdomo.

Meli ya mwisho ilikuwa bado juu ya magogo, nusu tu, haina pua. Tulipanda kwa ngazi ya chuma, yeye mbele, polepole. Juu ya sitaha kulikuwa na tundu la kuingilia tangini, lenye upana wa sinia, na kando yake ubao wenye misumari.

"Tangi namba tatu," alisema, na safari hii hakutafuta maji.

Alieleza akiwa ameupa ubao mgongo. Kila aliyeingia tangini alitundika kibati chake cha namba hapo, na akitoka anakiondoa. Mfunga tangi hakuchungulia ndani wala kuita. Aliangalia ubao tu. Ukiwa mtupu, anakaza bolti za mfuniko. Lakini saa ya kutoka bomba la kunawia lilikuwa moja na foleni ndefu, kwa hiyo watu walikuwa wakitoleana vibati. Ukimwona mwenzako ameshakwenda kunawa akasahau chake, unamtolea, asisumbuke kurudi. Ndio ulikuwa urafiki wenyewe.

"Nilimwona baba yako kwenye foleni," alisema. "Niliona mgongo. Ovaroli zetu zote zilikuwa za bluu, mwanangu."

"Ukamtolea."

"Nikamtolea. Ilikuwa Ijumaa. Walifungua Jumatatu."

Nilikuwa nimejiandaa kusikia juu ya uzembe wa matajiri. Sikujiandaa kwa huyu.

"Hakupiga kelele?"

"Ukiwa nje husikii sauti ya mtu. Chuma ni kinene."

"Mjomba. Hakugonga?"

Alivua kofia, akaivaa tena.

"Sisi tulikuwa tunasalimiana kwa kugonga," alisema. "Wewe uko upande huu, mimi niko kule, hatuonani. Ukigonga mara tatu, nami najibu mara tatu. Utani tu wa kazini. Ijumaa ile nilikuwa chini nakusanya vifaa vyangu, nikasikia tatu. Nikajua kuna mtu upande wa pili ananitania."

"Ukafanya nini?"

"Nikamjibu. Kwa nyundo, mara tatu." "Akaacha kugonga. Nikaenda nyumbani."

Baba alijibiwa. Alitulia mle gizani akijua wenzake wamemsikia, wanakuja.

Simung'unyi maneno: nilimchukia. Nilimchukia mzee yule aliyeninunulia daftari, na kumchukia kuliniuma kuliko msiba wenyewe. Alininyooshea mkono nimsaidie kushuka. Niliutazama, nikashuka peke yangu.

Nilitembea hadi getini bila kugeuka. Mlinzi alikuwa ameshika kufuli, ana haraka ya kwenda kula.

"Mmeshatoka wote, dada? Nafunga."

Nilinyamaza. Nilinyamaza muda mrefu kuliko nipendavyo kukiri, hadi akaanza kuvuta mnyororo.

"Usifunge," nikamwambia. "Kuna mtu ndani."