Kuku Wangu, Mayai ya Nalongo

Naikumbuka vizuri siku Nalongo alipoingia uani kwangu na beseni tupu, mwanangu. Umeniambia kuku wako amekaa kwenye kiota hataki kutoka, na jirani amekuahidi mayai. Basi weka kisu hicho chini, usimchinje, keti, unisikilize kwanza.

Ndoa yangu ilikuwa bado changa. Tulikuwa tumetoka Bukavu na baba yako, tukapanga chumba kule Makindye, hapa Kampala. Nilifuga matetea wachache wa mayai, jogoo hatukuwa naye. Mmoja wao, mwekundu, akaanza kuatamia. Analalia mayai yasiyo na mbegu, ukimsogelea anatutumua manyoya na kukudonoa, na wenzake wanakosa pa kutagia. Majirani wakaniambia nimzamishe kwenye maji baridi. Wengine wakasema nimfunge mguu juani, asile wala asinywe. Nilikataa. Yule kuku hakuwa na kosa, mwili wake ulimtaka alee.

Nalongo, kama wanavyomwita hapa mama wa mapacha, alikaa nyumba ya pili na alikuwa na jogoo. Akasema ataleta mayai yake, tutagawana vifaranga nusu kwa nusu. Aliyasema hayo mbele ya Mzee Opio, mwanajeshi mstaafu wa kutoka kaskazini aliyepanga chumba cha mwisho.

Wiki tatu nilimhudumia yule kuku. Nilimwekea maji na mahindi ya kusaga karibu na kiota, na bati lilipovuja nilihamisha vitu vyangu ili yeye alale pakavu. Akaangua vizuri. Kesho yake Nalongo akaja na beseni, akaanza kuwaokota vifaranga wote.

“Nalongo, tulisema nusu,” nikamwambia.

“Kuku ni yako, mayai ni yangu. Kwa hiyo watoto ni yangu.” Akacheka. “Nyinyi Wakongomani mumekuja juzi tu, na sasa munataka mpaka kuku zetu.”

Mzee Opio akatoka chumbani kwake. “Nalongo, ulisema nusu. Mimi nilikuwa hapa, nilisikia.”

“Mzee, hii si maneno ya jeshi,” akamjibu, akaenda zake na beseni.

Jioni baba yako aliporudi nikamweleza. Akasema niachane nayo, sisi ni wageni. Maneno hayo yaliniuma kuliko kicheko cha Nalongo. Ugeni unamfanya mtu aibiwe anyamaze? Sikumpakulia chakula siku hiyo, akajipakulia mwenyewe.

Kuku alizunguka ua mzima akilia, akichungulia kila kona, chakula hakukigusa. Usiku ikanyesha mvua ya Kampala unayoijua. Asubuhi Nalongo akarudi. Ndani ya beseni walikuwa vifaranga wawili, vichwa vimelala. Wengine wote walikufa kwa baridi, maana aliwaweka kwenye boksi bila taa ya kuwapa joto, bila hata kitambaa.

“Nikopeshe kuku yako,” akasema.

Mwanangu, nilimtukana. Maneno yale sitakurudia. Nilisimama mlangoni nikamwambia kuku wangu haendi popote, na awazike wale wawili pamoja na wenzao.

Mzee Opio alikuwa amekaa kwenye kigoda chake. Hakupandisha sauti. “Mama, una haki ya kukasirika. Lakini hao wawili wanakufa wakati munagombana.”

Nikampokonya Nalongo beseni, nikawasukuma vifaranga chini ya kuku wangu. Alinyamaza ghafla, akawakunjulia mbawa, akaanza kuwaita kwa ile sauti ya chini. Wakapona. Nalongo akatazama kidogo, akaondoka bila hata kusema pole, na hakurudi kuwadai. Nikawakuza mimi. Padri ananiambia nimsamehe. Namjibu kwamba najaribu.

Sasa sikia, mwanangu. Kama huna mayai yenye mbegu, usimtese kuku wako. Mweke kwenye kizimba cha waya kilichoinuliwa, penye mwanga na hewa, ale na anywe. Baada ya siku chache atasahau kuatamia na atarudi kutaga. Ukichukua mayai ya mtu, mpatane mbele ya shahidi kabla hayajaingia kiotani, na mkubaliane kwamba vifaranga watakaa na mama yao mpaka waote manyoya, ndipo mgawane. Akivunja neno lake, kasirika, mwambie usoni. Asije mtu akakuambia mgeni hana haki ya kukasirika. Ila okoa kwanza kilicho hai, halafu ugombane naye utakavyo.

Mungu akupe majirani wa neno moja, auzidishie ua wako uhai, na siku utakapodhulumiwa akupe sauti ya kusema na mikono ya kuokoa. Nenda, mwanangu, kuku wako anakusubiri.