Samaki wa Chini ya Ukuta

Mwaka ambao ofisi yetu ilimwalika mtaalamu wa samoni, samaki wakubwa wapandao mto kwenda kutaga, mkalimani wake nilikuwa mimi. Alitoka nchi ya baridi, na nusu ya umri wake aliitumia kuwarudisha samaki hao kwenye mito iliyozibwa kwa mabwawa. Sisi tulikuwa na ukuta mmoja nje ya Maskati wa kuzuia maji ya wadi, yaani bonde la mto unaotiririka siku za mvua tu, na visamaki vya urefu wa kidole ambavyo mafuriko huviporomosha chini ya ukuta, visiweze tena kupanda. Mkurugenzi aliviita, bila haya, samoni wetu.

Mama yangu, mzaliwa wa Unguja ninayeishi naye Mabela, kitongoji cha Maskati, aliniuliza jambo moja tu: "Huyo mgeni mmemwambia kama wadi haina maji?"

Hatukumwambia. Tulimpelekea picha za siku ya mafuriko. Akaja na michoro ya ngazi ya samaki, vidimbwi vinavyopandana hadi juu ya ukuta. Bondeni alikuta mawe, mbuzi watatu na dimbwi moja linalokauka. Akauliza mto hutiririka lini. Mkurugenzi akajibu inshallah, nami nikatafsiri kadiri nilivyoweza.

Mlinzi wa pale, mama wa Kikenya, akaniita pembeni. "Madam, hao samaki mimi huwabeba na ndoo," alisema. "Mvua ikiisha nawapeleka kwa vidimbwi vya huko juu. Kuna shida?"

Nilipomtafsiria mtaalamu, alimpa mlinzi mkono kwa furaha ya kweli. Alieleza kwamba hata kwao, ukuta ukiwa mrefu mno, samoni hupakiwa kwenye lori wakapandishwa. Mkurugenzi hakufurahi. Wiki hiyohiyo iliundwa kamati ya ndoo, na mlinzi akapewa barua ya kumkataza kubeba samaki mpaka kibali kitoke. Niliitafsiri mimi, na hadi leo naona aibu.

Mvua ikanyesha, ikaisha, kamati ingali inajadili ukubwa wa ndoo. Ijumaa moja nikamchukua Mama tukaenda bondeni. Barua haikututaja sisi. Mlinzi alikaa kivulini akitazama barabarani. Mama alikunja abaya yake, akawa anavichota visamaki kwa kikombe na kuvibembeleza kama wajukuu, nami nikapanda na kushuka na ndoo mpaka alasiri, magoti yakiniuma.

Ripoti ya ofisi ilisema samaki wameonekana tena juu ya ukuta kutokana na juhudi za kamati. Nilimpigia simu mlinzi nikamsomea. Alicheka mpaka akakohoa, kisha akaniuliza tutakuja lini tena.