Chati Iliyobaki Chini

Swali lililoninyima usingizi lilikuwa moja: asubuhi ile sista alisoma namba ya wodi aliyoitaka au ya wodi nyingine?

Nilikuwa katika mwezi wa mwisho wa majaribio ya kazi, kwenye ofisi ndogo mtaani Wandegeya, juu ya duka la kuchapisha. Nilikuwa nimeitengenezea zahanati moja ya Nsambya ukurasa wa wavuti wenye chati ya mitungi ya oksijeni iliyobaki katika kila wodi. Sista mkuu, kiongozi wa wauguzi, aliitazama kila asubuhi kabla ya kuagiza mingine.

Asubuhi ile alinipigia simu akicheka. "Mwanangu, chati yako iko na shetani. Nikipitisha kipanya, mstari inaruka, inarudi ya zamani."

Nami nikacheka. Nikamwambia ni mtandao tu.

Haukuwa mtandao; nililigundua kosa usiku wa manane. Kila alipobonyeza jina la wodi, programu yangu ilichora chati mpya juu ya ile ya awali bila kuifuta. Ya zamani ilibaki hai chini yake, na kipanya kiliiamsha. Dawa yake niliijua. Maktaba ya msimbo niliyotumia hukumbuka kila chati iliyo wazi kwenye ukurasa. Unaiomba ile ile kwa kitambulisho chake, unaibadilishia data, unaiamuru ijichore upya. Mistari mitatu ya msimbo.

Lakini ofisi yetu ilikuwa na mwiko: siku ya kukutana na mteja, hakuna kugusa ukurasa wake. Na watu wa zahanati walikuwa wanakuja asubuhi hiyo saa nne. Nikiugusa, kazi yangu imekwenda. Nikinyamaza, huenda sista aliisoma namba kabla ya kupitisha kipanya. Huenda baada. Nilijaribu hata kukumbuka kama aliniambia ameshaagiza mitungi.

Saa mbili na nusu nilisimama mbele ya bosi, mama Mkenya asiyeinua macho akinywa chai.

"Umekuja kuomba ruhusa ama umekuja kulia?"

Nikamweleza yote. Aliweka kikombe chini.

"Na ulimwambia ni mtandao?"

"Ndiyo, madam."

"Basi mimi sitampigia. Utampigia wewe. Na huo mwiko niliuweka kwa watu wanaobahatisha. Wewe unabahatisha?"

"Hapana, madam."

Nilimpigia sista palepale, bosi akinisikiliza.

"Sista, tafadhali usiagize kwa chati leo. Hesabuni mitungi kwa mkono. Si mtandao, ni kosa langu, na jana nilikudanganya."

Nikamsikia akimwita muuguzi aende wodini kuhesabu. Nikakata simu, nikafungua msimbo niandike ile mistari mitatu.