Mama Anayetarajia

Nyie mnaosema nafasi za kupaki za wajawazito ni kuwadekeza wanawake, someni hapa, kisha mnijibu.

Leo nimeenda dukani hapa Garland, huku ughaibuni, na mjukuu wangu Neema, yeye akiendesha gari. Nikaona nafasi tupu karibu na mlango, yeye akaipita!

"Paki hapo, goti linaniuma."

"No, Bibi. Ni ya mama anayetarajia."

Ndiyo Kiswahili cha watoto wa huku. Neno mjamzito hawalijui.

"Hata mimi natarajia," nikamwambia. "Natarajia kitukuu, na anayenichelewesha ni wewe. Paki!"

Akapaki huku anacheka.

Mara nikamwona binti mwenye tumbo kubwa, anazunguka na gari lake, hapati nafasi.

"Neema, toa gari, umpishe."

"Na goti, Bibi?"

"Goti halizai."