Kibao cha Kundi la Saba

Tak.

Ni sauti ya kibao kugusa mlango wa chuma, na Hatsue Nagumo ameisikia kwa miaka arobaini na tisa. Baada yake hufuata nyayo za mtu anayeondoka upesi. Akifungua, anakikuta kinaning'inia kwenye kitasa kwa kamba yake nyekundu, karatasi za mtaa zimebanwa juu yake: siku ya kuzoa chupa, zoezi la tetemeko, paka aliyepotea. Unasoma, unapiga muhuri wa jina lako, unakitundika kwa jirani anayefuata.

Mwezi wa pili mwaka huu, sauti haikuja.

Treni ya saa kumi na mbili na nusu asubuhi huuchukua karibu mtaa wetu wote hapa Minazawa kuupeleka Tokyo, na kuurudisha giza likiwa limeshaingia. Hatsue aliletwa hapa bibi harusi, nyumba zikinuka rangi mbichi na mashamba ya vitunguu yakiwa bado yanaanzia nyuma ya ukuta. Mumewe, Yasuji, alipanda treni hiyo miaka thelathini na moja, akitokea mlango wa jikoni, kwa kuwa kichochoro cha nyuma kinakata njia ya stesheni.

"Uso wake niliujua kwa mwanga wa Jumapili tu," huniambia, na kucheka.

Alipostaafu wakapata miaka sita ya mchana, kisha akafariki. Tangu siku hiyo mlango wa jikoni umezibwa kwa ndani na pipa la figili za chumvi.

Mwaka huu zamu ya ukuu wa kundi ilimwangukia yeye. Nyumba kumi na mbili; kibao kinaanzia kwake na kuishia kwake. Safari hii kilibeba swali: kibao kiendelee, au habari zitumwe kwa simu? Kundi litakalochelewa kukirudisha hadi mwisho wa mwezi litahesabiwa limechagua simu.

"Mlango wangu unaguswa mara mbili kwa mwezi," aliniambia tukifagia mbele ya nyumba zetu. "Mara moja kibao, mara moja mtu wa gesi. Na mtu wa gesi hanisalimii."

Siku kumi na tisa zilipita tangu akitoe kwake. Jumamosi ya mwisho ya mwezi, saa nne asubuhi, akachukua mwavuli, nami wa nyumba ya nne nikamfuata. Mimi nilikuwa nimeshakipitisha kwa Tokumaru, nyumba ya tano, kwa hiyo tulianzia hapo. Tulimkuta anaosha gari asiloliendesha.

"Mama Nagumo! Kibao kimetoroka? Umekichosha na habari zako za takataka."

"Ulikipokea, hukukipokea?"

"Nilikipokea, nikakisoma, nikasinzia katikati. Asubuhi nikakitundika kwa Bi. Iijima."

"Ulimwona?"

"Nimwone wapi? Miaka kumi na minane majirani, namjua kwa miavuli yake."

Bi. Iijima alitoka na kandambili za mumewe miguuni. "Nilikipitisha siku ile ile. Hebu, wewe ndiye Nagumo wa figili?"

"Ndiye mimi."

"Mume wangu anasema akishuka treni hana haja ya taa. Anafuata harufu ya pipa lako."

Hatsue aliona haya, akafunika mdomo. Tukaendelea, mlango kwa mlango, na kila mlango ulijibu vilevile: kilikuja, kikaenda. Nyuso nyingine nilikuwa naziona kwa mara ya kwanza, mimi niliyekaa hapa miaka ishirini.

Nyumba ya kumi na mbili anakaa Bwana Wakui, mtu wa Osaka. Kampuni ilimhamishia huku majira ya vuli, mke na watoto wakabaki. Alipotuona aliinama mpaka kiunoni.

"Nimekosea nini? Ni chupa? Naapa niliziosha!"

"Ni kibao, Bwana Wakui."

"Nilikuletea, mama. Wiki moja na nusu sasa. Nikakitundika, nikakimbia."

"Ukakimbia kwa nini?"

"Kazini waliniambia watu wa huku hawapendi kusumbuliwa. Kwetu Osaka saa hizi ningekuwa nimeshakaa jikoni kwako, ninakula."

Hatsue alimsogelea hatua moja. "Ulikitundika mlango upi?"

Akaonyesha kichochoro. "Ule ninaoupita nikirudi. Si una jina lenu?"

Hatsue hakuzunguka nyuma. Alirudi ndani kwake, akashika pipa upande mmoja, nami upande wa pili, tukalivuta. Bawaba zililia. Kibao kilikuwepo, kamba imelowa umande, karatasi zimejikunja. Juu ya kitasa palikuwa na kipande cha mbao chenye jina la Nagumo, mwandiko wa Yasuji. Alilipitishia kidole, polepole, mwanzo hadi mwisho.

Kisha akasoma. Nyumba tisa, na mimi nimo, tulichagua simu. Kibao kilichaguliwa na Tokumaru, yule yule wa kusinzia, na Wakui, aliyeongeza kwa herufi ndogo: "Majina yenu nimeyajulia hapa." Hatsue akapiga muhuri wake upande wa kibao, wa tatu. Nilitazama sakafu.

"Kuanzia mwezi wa nne ni simu, basi," alisema, akafuta mikono.

Kibao alikipeleka kwa mwenyekiti kabla ya saa sita. Aliporudi alichota figili, akazipanga kwenye bakuli, akatokea mlango wa jikoni, nami nikamfuata. Kwa Wakui alibonyeza kengele, kitu ambacho hatukifanyi, akaisubiri iishe kulia.

Wakui alifungua, akalitazama bakuli. Hatsue alimkabidhi kwa mikono miwili. Alisema kwa sauti ndogo mno, nusura nisiisikie.

"Kibao kimebakiza safari moja. Piga kengele, usikimbie."