Sketi ya jinzi kwa mama mkwe, Timau

Leo nimefungwa leso juu ya sketi inayofika chini kabisa.

Sisi wa Isiolo baridi ya Timau hatuiwezi. Kwa hivyo Mutuma, mchumba wangu, akanichagulia nguo mwenyewe: sketi ndefu ya jinzi, taiti nzito ndani, buti, na sweta yake kubwa juu.

Nilipendeza, msinibishie.

Mamake akatumiminia chai, akanikagua.

“Jinzi ni ya wanaume. Nani alikwambia uje kwetu hivi?”

Nikamwangalia Mutuma.

Akapuliza chai yake. Akapuliza mpaka ikapoa.

Nikafungwa leso, nikaosha vikombe, nikaaga.

Sasa niko nyumbani, ananiandikia: “Umefika salama?”

Nimefika. Sweta yako nimemwachia mamako. Mwambie basi ni ya nani.