Mahari Iliyopita Dukani

Mvua ikinyesha, mtaa wetu wa Bariadi ulinuka mbegu za pamba zilizolowa. Zamani hapo palikuwa na bwawa la kunyweshea ng'ombe. Biashara ilipofunguliwa kwa watu binafsi na wanunuzi wa pamba wakamiminika mjini, bwawa lilijazwa changarawe, majivu na maganda ya mbegu kutoka kwenye kinu cha kuchambulia pamba, na maduka yakaota juu yake kama uyoga. Sisi watoto tuliijua ardhi ile kwa nyayo: mbele ya kinyozi unakanyaga bila wasiwasi, nyuma ya mashine ya kusaga unazama hadi magotini, na kiatu unaliachia bwawa.

Masika hayo dada yangu Kabula alichumbiwa na kijana wa Sapiwi. Ng'ombe wa mahari walikuja kwa miguu, wakaingia mjini asubuhi, watoto tukiwapokea kwa shangwe. Aliyetangulia alikuwa jike mweusi aliyezoea kunywa kwenye lile bwawa kila kiangazi kabla halijajazwa. Mazoea yana taabu. Aliiacha barabara mpya, akafuata njia ya mama yake, moja kwa moja mpaka mlangoni kwa Mama Holo, muuza mitumba. Akasimama. Wenzake wakajipanga nyuma yake, kushoto tope, kulia tope.

Wachungaji wakainua fimbo wawageuze. Baba mdogo Masanja akapiga kelele, "Mahari hairudi nyuma! Wakigeuka hawa, na bibi harusi atarudi!"

Kwetu hilo halikuwa neno la mzaha. Kabula, aliyekuwa akichungulia kutoka uani kwetu, nyuma ya duka, alijishika mdomo.

"Mwangaluka, Mama Holo," baba mdogo akaamkia, mpole ghafla.

"Mwangaluka. Unaniamkia mimi au mlango wangu?"

"Wote wawili, mama. Na ule wa nyuma pia, unaotokea uani kwetu."

Mama Holo akageuka, akamwona Kabula dirishani, machozi yakimlengalenga. Akaanza kukusanya masweta. "Wapite. Lakini Masanja, wakiacha samadi humu utazoa wewe, tena kwa mikono."

Wakapita mmoja mmoja, kwa adabu, kama waumini wanaoingia kanisani. Wa mwisho alitokea uani na sketi ya maua kwenye pembe. Kabula alicheka mpaka akakaa chini. Baba mdogo alizoa.

Leo mtaa una lami, nami natembea popote, macho kwenye simu. Juzijuzi Kabula na mumewe, waliohamia mjini, walimwoza binti yao. Mahari ilishushwa kutoka kwenye lori uani kwetu, kwato safi kabisa, bila kumsumbua mtu. Jioni jirani wa ukuta mmoja, aliyesikia ng'ombe wakilia, akaniuliza kama tumeanza kufuga.